Kapiteni wa Matope

Muzee Philippe alimkuta Liévin Katsuva juu ya jukwaa la miti, akipanga matofali ya duka jipya mtaani Sukisa. Hakumwita. Alisimama chini, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama mbele ya darasa miaka yote aliyofundisha shule ya msingi, akangoja mpaka tofali likae sawa na kamba.

"Kapiteni," akasema, "shuka kidogo. Niko na neno."

Liévin alishuka polepole, mguu wa kulia kwanza. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa beki wa kushoto wa Nyuki ya Saio, timu ya mpira ya mtaa wao, na miaka tisa ya mwisho alikuwa kapiteni wake. Mtaani hakuna aliyemwita Liévin. Walimwita Ukuta, na wateja wake wengi walimpa kazi kwa ajili ya jina hilo. Walisema mtu aliyewazuia washambuliaji wa Bunia nzima hatashindwa kuzuia mvua isiingie dukani. Muzee Philippe ndiye aliyemchagua, tangu enzi za timu ya shule. Alikuwa Mualur wa upande wa Mahagi aliyekuja Bunia kufundisha watoto kusoma, akabaki, akazeeka, na sasa alikuwa kocha na msemaji wa Nyuki, na kwa kuwa klabu haikuwa na mtu mwingine wa kuandika barua, alikuwa katibu pia.

"Komite ya ligi inatuita siku ya posho," alisema. Siku ya posho ni Jumamosi. "Assemblée générale, mukutano ya klabu zote. Banataka kugeuza kalandriye. Tucheze kiangazi, Desemba mpaka mwisho wa Februari. Mvua, hapana tena."

Liévin alijifuta saruji mikononi. Tangu alipokuwa mtoto, ligi ya mji ilichezwa kati ya Machi na Juni, katikati kabisa ya mvua, na hakuna aliyekumbuka sababu. Msimu uliopita mechi saba hazikuisha. Katika mechi moja mpira ulisimama ndani ya dimbwi, hatua moja tu mbele ya goli, na wanaume sita wakapiga mateke maji mpaka mwamuzi akachoka akapuliza filimbi. Watu walicheka habari hiyo majuma mawili. Lakini mwezi wa Mei hakuna aliyecheka, kwa sababu mwezi wa Mei Jean-Claude, winga wa Mudzipela, alivunjika mguu.

"Bote banasema matope njo ilivunja mguu ya Jean-Claude," Muzee Philippe aliendelea. "Wakisema vile, tumeshindwa mbele ya kuanza. Siye tuko na maçon saba mu timu. Kiangazi njo wakati ya kujenga, weye unajua kuliko miye. Na wale bengine bataenda mu machimbo. Nani atacheza? Inafaa mutu asimame aseme mupira inavunjaka miguu hata mu vumbi. Na hakuna mutu atasikilizwa kuliko weye, juu weye njo ulikuwa pale."

"Nilikuwa pale," Liévin alisema.

"Basi, utasema?"

Tangu alipokuwa mwanafunzi wake, Liévin hakuwahi kumwambia Muzee Philippe hapana. Alisema sawa. Mzee akamshika bega, akaenda zake akikwepa madimbwi ya barabarani. Liévin akapanda tena jukwaani. Tofali la kwanza aliliweka kombo, akalitoa. La pili nalo akalitoa.

Alikuwa pale, ndiyo. Na alijua jambo moja ambalo hakuna mwingine aliyelijua, au ndivyo alivyodhani.

Kwa misimu mitatu alikuwa ameishiwa mbio. Haikutokea siku moja. Goti la kushoto lilianza kukaza asubuhi, halafu likakaza hata mchana, na winga aliyekuwa akimfikia kwa hatua tatu akaanza kumfikia kwa sita. Lakini ligi ilichezwa kwenye matope, na kwenye matope vijana wenye mbio hawana mbio. Wanachimba, wanateleza, mpira unakwama miguuni mwao, na mtu mzima anayejua kusimama mahali pake anawangoja tu na kuwanyang'anya. Watu pembeni wakawa wanasema Ukuta ungali na nguvu. Liévin aliwasikia, na kila mwaka aliogopa zaidi. Jumapili asubuhi aliacha chai ipoe kikombeni, akatoka uani kutazama mawingu. Aliomba mvua inyeshe. Ilinyesha, na alicheza, na walimsifu, na Jumapili iliyofuata aliogopa tena.

Siku ile ya Mei mvua ilikatika tangu asubuhi, na upande wake wa uwanja ulikuwa umeanza kukauka. Jean-Claude aligundua mapema. Alimpita mara ya kwanza, akampita mara ya pili, na kutoka pembeni mtu mmoja akacheka. Mara ya tatu Jean-Claude aliusukuma mpira mbele, na mpira ukaenda. Liévin aliuona umekwenda. Ulikuwa umempita kwa hatua mbili nzima, na alikuwa na muda wa kusimama. Hakusimama. Alijitupa na miguu yake yote miwili, na walipoanguka pamoja walianguka ndani ya dimbwi pekee lililokuwa limebaki upande ule, maji yakaruka juu, na kila mtu akaona matope.

Sauti ya ule mfupa aliisikia yeye na Jean-Claude tu.

Baada ya juma moja klabu nzima, pamoja na wake za wachezaji, ilikwenda kumwona kijana hospitalini Nyankunde. Liévin alisimama nyuma ya wenzake karibu na mlango. Jean-Claude alikuwa amelala, mguu ndani ya plasta mpaka pajani, na alipomwona alimwita Yaya, yaani kaka mkubwa, akasema mwenyewe, "Haikuwa kosa yako, Yaya. Ni matope." Wote wakaitikia, ni kweli, ni matope. Liévin alifungua kinywa na hakutoa neno. Miezi mitano ilipita tangu siku hiyo, na neno lenyewe lilikuwa bado liko pale pale.

Jioni alimweleza mkewe Musoki habari ya mkutano. Walikuwa jikoni nyuma ya nyumba. Musoki alikuwa akisonga bugali, na binti yao Plamedie akichambua majani ya lengalenga kwenye sinia.

"Na ile kazi ya Nyankunde?" Musoki aliuliza.

Alikuwa ameitwa kujenga madarasa matatu huko, kuanzia Desemba mpaka Machi, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Barua ilikuwa kwenye mfuko wa koti kwa majuma mawili, na hakuwa ameijibu.

"Wakichagua kiangazi," Liévin alisema, "siwezi kucheza na kujenga. Nitawaambia ni kazi. Hakuna atakayeniuliza kitu. Nitatoka vizuri."

Musoki aliacha kusonga, akamtazama. "Basi unataka kiangazi ipite."

"Ndiyo."

"Na wanakutuma uende kuikatala."

"Ndiyo."

Musoki akacheka kwa kinywa kilichofungwa, mabega yakitikisika, na Liévin naye akajikuta anatabasamu. Lakini alipouweka mwiko chini, Musoki alisema taratibu, bila kumwangalia, "Papa Plamedie, siku tulitoka Nyankunde haukusema neno njia nzima. Toka Nyankunde mpaka hapa. Miye sikuulizaka. Lakini sikusahau."

Liévin hakula vizuri usiku huo, wala siku iliyofuata.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa parokia huko Nyakasanza. Klabu kumi na nne zilikuwa zimetuma wajumbe, wawili wawili, na wengine walikuja kusikiliza tu wakajaa madirishani. Mbele, kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cha kijani, alikaa Mama Angélique, rais wa komite. Aliwahi kuwa mwamuzi wa ligi hiyo hiyo kwa miaka minane, na mazoea ya filimbi hayakuwa yamemtoka: mtu akizungumza kupita dakika zake, alimtazama tu, na mtu alikaa.

Waliongea sana. Mjumbe wa klabu moja ya mtaa wa Lumumba alisema radi ya mwezi wa Aprili ilipiga mti ulio nyuma ya goli wakati timu zimekwenda kunywa maji, na kwamba yeye hataki kungoja siku ambayo hawataenda kunywa maji. Mwingine akajibu kwamba mwezi wa Januari uwanja unakuwa mgumu sawa na barabara, mtu akianguka anaacha ngozi, na vumbi linaingia kifuani watu wanakohoa mpaka Pasaka. Mjumbe wa timu ya vijana wa pikipiki alieleza kwamba kiangazi barabara ya Mambasa inapitika, na vijana wake wote wanakwenda huko kutafuta pesa. Mvua ikinyesha ndipo anapowapata. Mwalimu mmoja wa sekondari alisema watazamaji hawaji kwenye mvua, na mpira bila watazamaji ni mazoezi. Kila mara, aliyetaka kiangazi alipokaribia kumaliza, alitaja mguu wa Jean-Claude. Waliutaja kwa huruma, wakiuelekezea mkono, kwa sababu mwenye mguu mwenyewe alikuwa amekaa benchi la tatu kama mjumbe wa Mudzipela. Alikuwa ametolewa plasta. Alikuwa amekonda. Mguu wa kulia aliunyoosha mbele yake kidogo, kama kitu alichoazimwa.

Liévin hakuweza kuacha kuutazama.

Muzee Philippe aliposimama, aliongea kwa ufupi na kwa ustadi. Alieleza habari za maçon wake saba, waashi wanaoishi kwa kujenga kiangazi. Akaomba kwamba, hata kama watachagua kiangazi, mechi zichezwe Jumapili tu na zianze saa tisa, ili mtu wa kazi ya mikono afanye siku zake sita. Halafu akasema, "Kuhusu mguu ya mutoto wetu Jean-Claude, kapiteni yangu njo atasema. Yeye alikuwa pale."

Liévin alisimama. Alikuwa ametayarisha maneno. Aliyarudia kichwani tangu alfajiri akitembea. Alianza nayo.

"Mama Prezida, na baheshimiwa bote. Muzee alinituma niseme kama matope haikuvunja mguu ya Jean-Claude." Alimgeukia Mama Angélique. "Nakubali. Haikuwa matope."

Muzee Philippe aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaanza kukunja karatasi yake. Hapo ndipo yale maneno yaliyotayarishwa yalipopaswa kuendelea: kwamba mpira ni mpira, kwamba hata kiangazi watu wanaumia. Liévin aliyatafuta na hakuyakuta. Alikuwa anatazama ule mguu ulionyooshwa.

"Ni miye," alisema.

Ukumbi haukuelewa. Mtu mmoja dirishani akauliza mwenzake, amesema nini.

"Mupira ilikuwa imekwisha kupita," Liévin aliendelea, sasa polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akitafuta kila kidato kwa mguu. "Niliiona imepita. Hatua mbili. Nilikuwa na wakati ya kusimama. Lakini alikuwa amenipita mara mbili tayari, na kulikuwa mutu alicheka, na nilijua nikisimama, bantu bataona kama siwezi tena kukimbia. Njo nikajitupa. Matope iliruka, na bote mukasema ni matope. Na miye nikaacha museme vile. Miezi tano."

Muzee Philippe alikuwa ameshikilia karatasi yake nusu imekunjwa.

"Munaniita Ukuta. Miaka tatu sasa, ni matope inanificha. Wale batoto beko na mbio, lakini mu matope banakuwa sawa na miye. Munasema niko na nguvu. Siko na nguvu. Kiwanja njo ilikuwa nzito."

Mama Angélique aliweka kalamu yake mezani. Halafu akauliza, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwauliza nayo wachezaji namba ya jezi kabla ya kuiandika, "Na weye, Kapiteni, ungechagua nini? Mvua ao kiangazi?"

"Siko na kura, Mama. Kura ya Nyuki ni ya Muzee, na sababu zake ni za kweli. Lakini ukiniuliza miye peke yangu, kiangazi. Kiangazi mutu mwenye kuisha anaonekana siku ya kwanza. Anatoka, na hajaumiza mutu."

Alitaka kukaa, lakini hakukaa, kwa sababu Jean-Claude alikuwa amesimama. Alisimama bila fimbo, akishika tu bega la mtu aliyekuwa benchi la mbele.

"Nilijua," Jean-Claude alisema.

Liévin alimtazama.

"Mutu mwenye kuteleza, mikono inaruka. Anatafuta pa kushika. Weye, Yaya, mikono yako ilikuwa chini. Nilikuona vizuri. Pale hospitali nilisema ni matope juu niliona sura yako kule mulangoni. Nilijua ukisema kweli utalia, na miye nitalia, na siku ile sikuwa na nguvu ya kulia." Watu wachache walicheka kidogo, kwa upole, na yeye mwenyewe akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Lakini nilifikiri utarudia kuniona peke yako. Nilingoja. Haukurudia."

"Nilirudia mara moja," Liévin alisema. "Nilifika kwenye mulango ya hospitali. Nikageuka."

Jean-Claude alilifikiria hilo. "Basi leo umeingia," alisema. Akamgeukia Mama Angélique. "Miye nimesamehe, Mama. Na siku moja nitacheza tena, docteur amesema. Lakini Mudzipela tunachagua kiangazi, juu miye niko na mbio, na nataka kuzitumia."

Safari hii ukumbi mzima ulicheka, hata wale wa madirishani, na Liévin aliketi. Alingoja aibu imfunike. Aliingoja kwa muda, akitazama sakafu. Kilichokuja badala yake ni njaa. Alikuwa na njaa kali, ya kweli, kama ya mtoto aliyetoka shuleni. Aliwaza bugali, aliwaza samaki wa ziwani wa kukaanga, akaona aibu kidogo kwa kuwaza samaki mahali kama pale. Pumzi ilikuwa inaingia mpaka chini kabisa ya kifua na kutoka bila kukwama. Hakukumbuka mara ya mwisho ilipoingia hivyo.

Walipiga kura kwa mikono. Tisa walichagua kiangazi, watano mvua. Mkono wa Muzee Philippe ulikuwa kati ya ile mitano, umenyooka kabisa, wala hakuushusha mpaka Mama Angélique alipomhesabu. Kisha komite ikakubali ombi lake: mechi za Jumapili peke yake, saa tisa. Hilo lilipita bila mtu kupinga.

Nje jua lilikuwa kali baada ya mvua ya usiku. Jean-Claude alikuja akichechemea kidogo, akampa Liévin mkono, na Liévin akaushika kwa mikono miwili. Hawakusema mengi. Liévin alimwuliza kama mguu unauma usiku, akasema unauma mvua ikikaribia. Liévin akamwambia goti lake pia. Wakaangalia juu wote wawili, na mbingu ilikuwa safi.

Njia ya kurudi Saio alitembea na Muzee Philippe. Walivuka soko dogo, wakapita mahali mafundi wa pikipiki wanapomwaga mafuta, wakapanda kilima.

"Unisamehe, Muzee," Liévin alisema mwishowe. "Ulinituma kitu kimoja, nikafanya ingine. Nimekupotezea kura."

"Kura ilikuwa imepotea tangu jana," Muzee Philippe alijibu. "Nilipita kwa bote, nikahesabu. Tulikuwa batano, tumebakia batano." Alitembea hatua kadhaa. "Katsuva, nikuulize kitu. David anacheza wapi?"

David alikuwa kiungo wa Nyuki, kijana wa miaka ishirini na mitatu anayesomea uuguzi. "Katikati," Liévin alisema.

"Anacheza katikati mu karatasi. Misimu mbili sasa, anasimama wapi?"

Liévin alifikiri. Kisha akasimama katikati ya njia. David, kila mechi, alikuwa akirudi nyuma upande wa kushoto, nyuma yake hasa. Mpira uliompita Liévin ulimkuta David. Yeye alidhani kijana ni mvivu wa kushambulia.

"Nilimugombeza," alisema. "Mbele ya bantu. Nilimuambia anaogopa kwenda mbele."

"Aliniambia. Nilimuambia avumilie."

"Muzee. Ulijua."

"Niko kocha. Sasa niko na macho ya nini?"

"Na haukuniambia?"

Muzee Philippe alivua kofia yake, akajifuta paji la uso kwa kitambaa, akairudisha. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mzee kweli.

"Mutu nilimufundisha kuandika jina yake," alisema. "Nilimushika mukono na kalamu ndani. Nitamuambia namna gani atoke? Kila Februari nilisema, mwaka huu nitamuambia. Nilitayarisha na maneno. Halafu mvua inanyesha, unacheza vizuri, nasema, basi, mwaka ingine. Miye pia, mvua ilinisaidia." Akamtazama pembeni. "Ningekuambia, Jean-Claude angekuwa na miguu mbili mizima. Najua ile. Leo weye ulisema yako, na miye nilikuwa nimekaa pale na yangu."

Walisimama pale wakitazamana, mwalimu na mwanafunzi, na kitu fulani katika nyuso zao kikalegea kwa wakati mmoja. Muzee Philippe alianza kucheka kwanza. Alicheka bila sauti, akishika kiuno, na Liévin akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni la ndizi akawapisha kwa mbali.

"Nitaenda kwa David kesho," Liévin alisema walipotulia.

"Enda leo. Kesho atakuwa anasoma, iko na mutihani."

Alikwenda siku hiyohiyo. David alimsikiliza akiwa na daftari mkononi, akasema hakuna neno, Yaya, akamwuliza kama anaweza kumwachia jezi yake namba tatu. Liévin alimwachia. Usiku alikula sahani mbili, Musoki akamtazama bila kuuliza, na kabla ya kulala aliandika jibu la barua ya Nyankunde, akampa Plamedie aangalie makosa ya tahajia. Yalikuwa manne.

Kazi ilianza juma la kwanza la Desemba. Nyankunde kulikuwa na udongo mzuri wa matofali na upepo wa kuyakausha, na kufikia Krismasi kuta za darasa la kwanza zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Kati ya maçon saba wa Nyuki, yeye akiwa mmoja wao, aliwachukua wawili tu. Wanne waliobaki walipata kazi mjini na kucheza Jumapili saa tisa, kama Muzee Philippe alivyopigania, na hakuna aliyekufa kwa hilo, ingawa walilalamika sana.

Liévin alirudi nyumbani Jumapili moja katikati ya Januari, akiwa amejaa vumbi la njia. Alioga, akala, na Plamedie akasema anataka kwenda uwanjani. Musoki akawashangaza wote wawili kwa kusema yeye naye atakuja. Miaka yote ile hakuwahi kuja. Alisema alikuwa haoni raha kutazama mtu wake akipigwa miguu.

Uwanja ulikuwa mweupe kwa ukame. Watu walijifunga vitambaa puani, na kila mchezaji alipogeuka aliacha wingu dogo nyuma yake. Mpira ulikwenda haraka ajabu. Liévin hakuwahi kuuona ukienda hivyo katika uwanja ule. Ulidunda, ukakimbia, na vijana wakaukimbiza, na kulikuwa na kelele za watu wengi kuliko zamani. Nje ya mstari, Jean-Claude alikuwa akikimbia taratibu kuzunguka uwanja peke yake, akiupima mguu. Alipopita mbele yao aliinua mkono. Liévin akainua wake.

Nyuki walikuwa wamefungwa mbili kwa moja. Dakika chache baadaye winga wa upande wa pili aliusukuma mpira mbele, akampita beki wao mpya wa kushoto kana kwamba hakuwapo, na David, namba tatu mgongoni lakini bado akicheza katikati, akarudi mbio akautoa nje.

Mtu mmoja aliyekaa mbele yao alipiga ulimi. "Ukuta angekuwa pale," alimwambia jirani yake.

"Angepitwa," Liévin alisema.

Yule mtu aligeuka kubisha, akamtambua, akabaki na kinywa wazi. Kisha akacheka, akasogea, akawapa nafasi kwenye benchi pamoja na nusu ya karanga zake. Walikaa, wakala. Musoki aliuliza kwa nini yule mwenye bendera hachezi na wenzake. Plamedie alimweleza, na alimweleza vibaya, na Liévin hakumsahihisha.

Zilikuwa zimebaki kama dakika ishirini alipojinyoosha na kusimama.

"Twende," alisema.

"Haijaisha, Papa," Plamedie alisema.

"Najua."

Walitoka kupitia pengo la uzio upande wa barabara, watatu, Musoki katikati. Walipofika kwenye kona kelele kubwa ilipanda nyuma yao, ya goli, na Plamedie akageuka, akasimama juu ya vidole kutazama nani amefunga. Liévin alikuwa akimsimulia Musoki habari ya mbao za paa, kwamba zinatoka Mambasa na kwamba ameziona mwenyewe, ni nzuri, zimenyooka, na akaendelea kusimulia.